Mashine Yetu Inapiga Ngoma, Lakini Haitatoa Baraka

Hosteli yetu muhula huu kila chumba kina mtunzi. Unaandika kwenye simu, "nitungie bongofleva ya kumbembeleza mtu aliyenuna," unasubiri kidogo, wimbo huo hapo: sauti, biti, kiitikio, kila kitu. Wenzangu wa chumbani walinitungia mmoja wa kuniaga nilipokuwa naondoka kwenda TP. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Leo hakuna hata mmoja wetu anayeukumbuka unaendaje.

Siandiki kuwakosoa wenye programu hizo. Nataka kueleza aina nyingine ya mashine ya muziki, ile isiyokuletea wimbo uliokwisha bali inapiga pamoja na wewe papo hapo. Wewe hujui itajibu nini, nayo haijui utapiga nini. Niliunda moja na wanafunzi wa kidato cha tatu wilayani Hanang. Mashine hiyo imenigombanisha kidogo na wenzangu wawili hapa chuoni, na imenipa mazungumzo na babu yangu ambayo bado nayatafakari. Nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, mwaka wa tatu, kwa hiyo mtanivumilia nikichomeka hesabu mbili tatu.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Yeyote aliyeimba kwaya amewahi kusimama karibu na kinanda chenye biti zake ndani. Mpigaji anabonyeza kitufe, anashika kodi kwa mkono wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinakuja vyenyewe. Kinanda hicho kimezibeba kwaya nyingi za vijijini ambazo hazina mpiga gitaa hata mmoja, na nakiheshimu. Lakini hakisikilizi. Waimbaji wakipandwa na furaha wakaongeza mwendo, biti inabaki palepale, na ndiyo maana mwalimu wa kwaya anawatolea macho. Kwaya inakifuata kinanda, kinanda hakimfuati mtu.

Singeli, muziki wetu uliotoka Manzese na Tandale, imesogea mbele zaidi. DJ anakimbiza biti hata kupita mapigo 200 kwa dakika, MC anamwaga mistari akimtazama mtu aliye mbele yake, na uwanja ukichemka DJ anakata, anarudisha, anaongeza. Kusikilizana kupo, tena kwa hali ya juu. Ila wanaosikilizana ni watu wawili, kompyuta iko katikati kama mjumbe tu.

Kilichonisukuma mimi ni video ya Mganda, Brian Bamanya wa Kampala, anayefahamika kwa jina la Afrorack. Alitamani sinthesaiza ya modula, yaani mashine ya kutoa sauti kwa umeme iliyoundwa kwa visanduku vingi vinavyounganishwa kwa nyaya. Bei za dukani zilikuwa hazishikiki. Akaamua kujiundia mwenyewe kwa vifaa vya elektroniki alivyoweza kuvipata, na mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya hukohuko Kampala ikatoa albamu yake. Ukimtazama jukwaani humwoni mtu anayepiga wimbo alioukariri. Anachomeka waya, anageuza kitufe, anasikiliza mashine imetoa nini, ndipo anaamua la kufanya. Niliitazama video ile mpaka bando la mwenzangu likaisha. Bumu lilipotoka nikanunua ubao mmoja wa Arduino, kile kikompyuta cha kuprogramu kinachotoshea kiganjani, nikauweka kwenye begi la TP.

Nilipangiwa shule ya kata, mwendo wa bodaboda kutoka Katesh, chini ya mlima Hanang. Mlima ule una mita zaidi ya 3,400, na kila asubuhi unaamua wenyewe kama utaonekana au utajifunika. Darasani nilikuwa na Wairaqw, Wabarbaig, Wanyaturu na Wanyiramba. Kwa wanaosoma isimu hilo si jambo dogo: lugha ya Kikushi, ya Kinailoti na za Kibantu kwenye dawati moja. Ukivuka kwenda Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, unawakuta na Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu.

Sasa fizikia tunaifundisha kwa Kiingereza. Mtoto anawaza kwa lugha ya nyumbani, anataniana na wenzake kwa Kiswahili, halafu anatakiwa anijibu kwa lugha ya tatu. Nilikuwa nauliza swali, darasa zima linatazama dirishani. Waliomaliza TP wanakijua kimya hicho. Unasimama na chaki yako, unahesabu moja mpaka kumi moyoni, kisha unajibu swali lako mwenyewe na kuendelea.

Mada ilikuwa sumakuumeme. Nikaenda kwa fundi wa magari Katesh kuomba mota mbovu za sentro loki, zile zinazofunga na kufungua milango ya gari. Fundi akanitazama juu mpaka chini. "Dada, unataka kufungua mlango wa nani?" Nilipomweleza kuwa nataka zipige ngoma alinipa tatu bure, na akaniazima betri ya pikipiki. Ukiipa mota ile umeme wa volti 12, kijiti chake kinachomoka kwa nguvu; ukiugeuza, kinarudi. Funga kijiti hicho juu ya dumu la lita 20, tayari una mkono wa kupiga. Upande wa kusikia tulitumia kisahani cha piezo, kile kibati cha rangi ya shaba kinacholia ndani ya saa za mezani. Ukikigonga kinatoa umeme kidogo, na ubao unausoma. Transista mbili ziliungua kabla hatujafunga dayodi za kuzuia umeme unaorudi mota inapozimwa. Harufu ile iliwafundisha kuliko ubao wangu wa chaki.

Hesabu yenyewe ni ya Euclid, Mgiriki aliyeishi miaka kama 2,300 iliyopita: njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa kugawa, kuchukua baki, na kugawa tena. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, alionesha kwamba njia hiyohiyo, ukiitumia kusambaza mapigo kwa usawa kadiri inavyowezekana, inazaa midundo mingi ya asili ya dunia, ikiwemo ya Afrika. Sambaza mapigo 3 kwenye nafasi 8. Kila pigo lipe nafasi tupu moja. Zinabaki tupu mbili, zigawe tena kwa mapigo mawili ya mwanzo. Unapata pa-ki-ki pa-ki-ki pa-ki. Weka mapigo 5, unapata pa-ki-pa-pa-ki-pa-pa-ki. Jaribu kwenye meza ya kantini uone kama mguu utatulia. Weka 7 kwenye 12 na unapata mdundo wa kengele unaosikika sana Afrika Magharibi. Toussaint aliichukua kanuni hiyo kwa Bjorklund, mtu aliyeitumia kupanga mipigo ya umeme kwenye kituo cha nyutroni huko Marekani. Kugawa kwa baki, somo la shule ya msingi, kumbe linapiga ngoma.

Programu yetu ilikuwa fupi. Mashine inapima muda kati ya pigo lako na pigo linalofuata, inakisia mwendo, kisha kila mzunguko inarusha dadu ya tarakimu na kuchagua: irudie ulichopiga, au ijaze nafasi ulizoziacha. Ukipiga kwa nguvu inapunguza, ukishusha inapanda. Basi. Hakuna akili ya ajabu humo ndani. Lakini ukikaa nayo dakika tano unaanza kuichokoza kama mtu.

Mvulana mmoja wa Kibarbaig, ambaye nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake darasani kwa wiki tatu, ndiye aliyeibadilisha. Alipiga dumu, akasikiliza, akapiga tena, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili, "Madamu, hii haipumui." Wenzake wakacheka, ila yeye hakuwa anatania. Mashine ilikuwa inajibu kila kitu, kila mara. Tukaongeza uso wa tatu kwenye dadu: nyamaza mzunguko mzima. Halafu yeye mwenyewe akataka ukimya uweze kufika mizunguko minne. Nikamwambia watu watadhani imeharibika. "Wasubiri," akasema.

Tangu siku ile wakaiita Mgeni, kwa sababu mgeni mwenye adabu hasemi kila dakika. Na mimi nikaanza kusubiri darasani. Nilikuwa nauliza swali, sijijibu, nahesabu mpaka thelathini. Nilikubali jibu kwa Kiswahili kwanza, kisha tukalipeleka Kiingereza pamoja. Sisemi darasa lilibadilika lote. Lakini mikono sita saba ilianza kunyanyuka mahali ambapo haikuwapo hata mmoja, na ninyi walimu wenzangu mnajua mikono sita ina thamani gani.

Kwenye mahafali ya kidato cha nne mkuu wa shule alituruhusu kupiga. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo umeme ukakatika, kinanda kikafa hapohapo. Mgeni alikuwa kwenye betri ya pikipiki. Yule kijana akaanza taratibu, Mgeni akamjazia nafasi, kina mama wakashika makofi, mmoja akapiga vigelegele. Kuna kitu nilikiona pale kama mwanafizikia: Mgeni hakuwa anayasikia makofi hata kidogo. Piezo yake iligundishwa kwenye dumu, inahisi dumu tu. Aliyeyasikia makofi ni kijana, akabadilisha mkono wake kuwafuata kina mama, na Mgeni akamfuata yeye. Kisha dadu ikaangukia kimya. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Kijana naye akaacha kupiga. Uwanja mzima ukawa unalitazama dumu. Mgeni aliporudi na pigo moja, watu walipiga kelele kama bao limefungwa.

Nikawatumia video wenzangu wawili wa chuo, mmoja wa kompyuta, mwingine wa ualimu kama mimi. Kulikuwa na shindano la ubunifu linakuja, na zawadi yake ingefuta deni langu la ada na kubaki. Mkopo wangu haufiki asilimia mia, na mama anajazia kwa vitunguu saumu. Wakaja na wazo kubwa zaidi: ngoma ni nzuri, lakini majaji watataka utamaduni na akili bandia kwa pamoja. "Wewe ni wa Mbulu. Mrekodi babu yako akitoa slufay, tukusanye na za wazee wengine, tufundishe programu itoe mpya yenyewe."

Kwa wasiojua, slufay ni maombi na baraka za Wairaqw, yanasemwa kwa mpangilio wa kishairi. Mzee anaongoza, walioketi wanaitikia kila kipande. Kuna mistari ya kurithi, na kuna ya siku hiyo: mvua, ng'ombe, mgonjwa fulani, kijana anayesafiri. Kwa hiyo wenzangu hawakukosea kuona kwamba kuna kubuni papo hapo mle ndani. Yaani kwa macho ya mtu wa kompyuta slufay na Mgeni ni ndugu.

Nikapanda gari hadi Dareda, nikabadilisha la kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, nikafika kwa babu jioni, baridi imeanza. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwonesha Mgeni kabla ya chai. Babu aligonga dumu kwa fimbo yake mara tatu, akasubiri. Mashine ikajibu. Akagonga kwa namna nyingine. Mashine ikanyamaza. Babu akacheka sana. "Hii inasikiliza kuliko wajukuu zangu."

Ndipo nikamweleza habari ya slufay. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Itaitikia au itaongoza?"

Nikasema itaongoza, itatoa maneno mapya.

"Nikiongoza mimi nikasema neno baya, wazee wanapajua nyumbani kwangu. Watakuja asubuhi, tutakaa. Hiyo yako wataifuata wapi?"

Nikamwambia itakuwa na sisi tulioitengeneza.

"Utakuwepo wewe kila mahali itakaposema?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, safari hii taratibu kama anayenionea huruma: maneno yale hayafungwi na anayesema, yanafungwa na wanaoitikia. Wasipoitikia, mzee anaongea peke yake. Akanikubalia nimrekodi ili wajukuu wasikilize na wajifunze. Kutoa mpya kwa mashine akakataa. Wala hakukasirika. Alinikataza kama mtu anavyokukataza kunywa maji ya kisima fulani.

Niliporudi chuoni tulibishana siku nzima, na wenzangu walikuwa na hoja. Vijana wengi wa Kiiraqw waliokulia mjini, mimi mmojawao, hawawezi kuitikia slufay ipasavyo. Wazee wanaondoka. Tusipoifundisha mashine sisi, ataifundisha mtu mwingine ambaye hata Mbulu hajafika. Hoja hii ya mwisho inauma kwa sababu ni kweli. Lakini mwizi kuwa njiani hakunifanyi nitangulie kuiba mimi. Kurekodi ili mtoto ajifunze kuitikia kunamrudisha mtu kwenye duara. Kuiachia mashine izalishe baraka kunalifanya duara lisihitajike. Nikawaambia jina langu litolewe kama slufay itaingia.

Katika kutafuta hoja nilikutana na Mmarekani mweusi mmoja aliyeyawaza haya kabla sijazaliwa. George Lewis, mpiga tromboni aliyezaliwa Chicago mwaka 1952, aliandika kati ya 1986 na 1988, akiwa kwenye studio ya STEIM huko Amsterdam, programu inayoitwa Voyager. Inamsikiliza mpigaji, inachambua anachopiga, na inaweza kumjibu au kushika njia yake yenyewe. Hata asipopiga mtu, yenyewe inaendelea. Lewis hakutaka mashine ya kumtumikia, alitaka mwenzake wa kupiga naye. Katika makala yake ya mwaka 2000 alieleza kwamba programu ya muziki si kitu kisicho na upande: inabeba mawazo ya aliyeitengeneza na utamaduni wake, na yake imebeba ule wa wanamuziki weusi aliokulia nao.

Nilipoisoma niliielewa ile "haipumui" vizuri zaidi. Kimya cha Mgeni hakikutoka kwa Euclid wala kwa Arduino. Kilitoka kwa kijana mmoja wa Hanang anayejua kusubiri, na sasa kimo ndani ya programu, mstari wa 41, na maelezo pembeni yanayosema kimetoka kwa nani. Kila kilichomo kwenye Mgeni naweza kukuonesha kilikotoka na aliyekubali kiingie. Programu za simuni, zilizomeza nyimbo za watu wasiohesabika, zinaweza kunionesha nini?

Kwa hiyo sikatai mashine zinazobuni muziki. Nimeona moja ikimfungua mdomo mtoto aliyenyamaza wiki tatu, na sitabishana na hilo. Ninachosema ni kwamba pigo la ngoma likikosewa, linalofuata linalirekebisha, na hakuna aliyeumia. Mwache Mgeni arushe dadu yake. Baraka ikikosewa, kuna mlango wa kubisha asubuhi. Mahali ambapo lazima pawe na mlango wa kubisha, mashine isiongoze. Naweza kuwa nimeuweka mpaka mahali pasipo sahihi kabisa. Walioko sheria, theolojia na kompyuta wanijibu kwenye toleo lijalo.

Tuliingia shindanoni na ngoma peke yake. Hatukufika fainali. Mwenzetu wa kompyuta bado anaamini tungefika, na huenda yuko sahihi. Tunakula meza moja na tumeacha kulizungumza. Ada ya muhula huu imelipwa na vitunguu saumu, mama ameuza mapema kabla bei haijapanda. Rekodi za babu ziko kwenye simu yangu, dakika 34. Kila Jumapili nazisikiliza na daftari, najifunza mahali pa kuitikia. Mpaka sasa nazipata sehemu tisa bila kuchelewa.

Mchoro wa saketi ya Mgeni nimeubandika kwenye ubao wa matangazo wa maabara ya fizikia, pamoja na programu yote. Wanaokwenda TP mwaka huu wanakili bure. Sentro loki mbovu ziko kwa kila fundi wa magari, msinunue mpya. Dayodi msisahau. Na ule mstari wa 41 mkitaka kuubadilisha, kwanza waulizeni wanafunzi wenu wanataka kimya cha mizunguko mingapi.